Misafara Mitano na Thredi za Python

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley hakuwatoa watu wake wote Bagamoyo kwa mkupuo. Aliwagawa katika misafara mitano: wa kwanza ulishika njia tarehe 18 Februari, wa mwisho, wake mwenyewe, tarehe 21 Machi, na yote ilielekea Unyanyembe, penye Tabora ya leo. Msafara mkubwa huenda kwa mwendo wa mpagazi aliye nyuma kuliko wote. Misafara midogo haingojani njiani, mradi kila mmoja una mizigo na kiongozi wake. Ndivyo anavyofikiri mtunzi hodari wa programu anapoandika `Thread(target=ripoti.pakua)`, kisha `start()`. Methodi haiendi mikono mitupu. Inaondoka na objekti yake, yaani anwani, faili na hesabu ya ilikofikia, huku programu kuu ikiendelea kumhudumia mtumiaji. Huo ni ufundi wa kusifiwa, maana unamlazimu mwandishi aamue mapema nani anabeba nini.

Wapo wanaosema thredi za Python ni kiini macho, kwa kuwa kufuli kuu la CPython huruhusu thredi moja tu kutekeleza maagizo ya Python kwa wakati mmoja. Kwa hesabu nzito wana haki, na ndiyo maana toleo la 3.13 la mwaka 2024 lilileta, kwa majaribio, namna ya kuliondoa. Lakini programu nyingi hazichoshwi na hesabu. Hungoja mtandao na diski, na thredi inayongoja huliachia kufuli hilo ili nyingine ifanye kazi. Pingamizi zito zaidi ni la data ya pamoja: methodi mbili zikibadilisha sifa moja ya objekti bila `Lock`, badiliko la moja laweza kufutwa na la nyingine. Hapo napendelea foleni, `queue.Queue`, kila thredi ikabidhi matokeo yake mlangoni pasipo kugusa ghala la mwenzake.

Mahali pa kukutana ndipo ufundi unapopimwa. William Farquhar, kiongozi wa msafara wa tatu, aliugua, akaachwa Mpwapwa, akafia huko. Mpango uliotegemea kuondoka tu usingeyaona hayo. `join()` nayo hungoja thredi iishe, lakini haisemi kama iliisha salama. Kwa sababu hiyo naisifu zaidi `concurrent.futures`, iliyoingia Python 3.2 mwaka 2011: kosa la methodi iliyokwama nyuma huhifadhiwa ndani ya `Future`, na anayeita `result()` hukabidhiwa kosa lenyewe, pamoja na mstari lilipotokea.