Digrii za Kuchuchumaa

Mgonjwa atokaye Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, au Mishamo, akaelekezwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia Mpanda mjini, aghalabu hutarajia kuchuliwa. Badala yake, siku ya kwanza huishia kwenye maswali na vipimo.

Chukua dereva wa bodaboda aliyevunjika mfupa wa ugoko, akafungwa hogo kutoka paja hadi vidole. Mfupa umeunga, hogo limekatwa, lakini goti limekakamaa na paja limenywea. Mtaalamu huanza na picha ya eksirei na maelezo ya daktari: mguu umeruhusiwa kubeba uzito kiasi gani? Kisha huuliza jambo linalofanana na soga: choo cha nyumbani ni cha kukaa au cha shimo?

Hapo ndipo lengo la tiba linapopatikana. Kutembea tambarare huhitaji goti likunje digrii 60 hadi 70. Kupanda ngazi au kuinuka kitini ni 90 hivi, pengine zaidi. Kuchuchumaa kabisa hupita 130. Kwa hiyo anayemruhusu mkulima wa Mpimbwe aende zake kwa kuwa amefikisha 90, kwa maoni yangu, amemtibu kana kwamba ni karani. Palizi, sijida na choo bado vinamsubiri.

Kifaa cha kupimia digrii hizo huitwa gonyometa: mikono miwili ya plastiki iliyounganishwa kwa mhimili. Mhimili hukaa upande wa nje wa goti, mkono mmoja ukaelekea nyonga, mwingine kifundo cha mguu. Nguvu ya misuli hupewa alama 0 hadi 5. Alama 3 maana yake mgonjwa anauinua mguu mwenyewe, ila hawezi kuhimili mkono wa mtaalamu ukiukandamiza.

Mazoezi ya mwanzo ni mepesi hadi yanatia shaka: kuburuta kisigino kuelekea makalio, au kukandamiza kwa goti khanga iliyoviringishwa na kuhesabu hadi tano. Maumivu kidogo si kosa. Yakidumu hadi kesho yake, au goti likivimba, dozi ilizidi. Kukunja kwa nguvu ni hatari zaidi: misuli iliyojeruhiwa ikilazimishwa au kuchuliwa kwa kishindo yaweza kuota mfupa ndani yake, hasa kwenye kiwiko. Mafuta ya moto ya mwunga mifupa hayaiondoi hatari hiyo.

Na kwa kuwa nauli ya kurudi mjini kila baada ya siku mbili ni mzigo, tiba nyingi hufanyika nyumbani. Mtaalamu mzuri haishii kuonyesha. Humtaka mgonjwa arudie mbele yake, na ndugu aliyemsindikiza aone. Njoo na kaptula, au khanga ya kujistiri, maana goti lisiloonekana halipimiki. Kabla ya kuondoka uliza namba ya digrii, uiandike kwenye daftari la kliniki. Mwezi ukipita kwa mazoezi ya kweli na namba ikabaki palepale, mpango ubadilishwe, au wewe urudishwe kwa daktari wa mifupa.