Uso Unaolowa: Maoni kuhusu Istilahi Moja ya Kemia

Katika zoezi la tafsiri la muhula uliopita, tuliwapa wanafunzi wetu aya ya kemia ya Kifaransa kuhusu kubadili uso wa polima ili upatane na maji. Neno lililowatatiza ni moja tu. Waliotoka Gitega wengi waliandika 'kipendamaji'. Wenzao wa Muyinga, waliozoea Kiswahili cha wafanyabiashara wa kutoka Tanzania, waliandika 'kinachofyonza maji'. Tuliwapa wote alama. Tulikosea.

Sifongo hufyonza, maji yakaingia ndani. Aya ile ilihusu uso tu. Tuchukue dumu la plastiki (bido, kama wengi wetu tusemavyo huku). Polithini ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni, isiyo na pa kushikana na maji. Ukilimwagia maji kwa nje, hujikusanya matone na kuteleza kama juu ya jani la magimbi. Rangi nayo hubanduka. Viwandani uso huo hupitishwa upesi kwenye mwali wa moto au cheche za umeme, au huoshwa kwa asidi kali yenye kuoksidisha, hata oksijeni ikajipachika kwenye minyororo ya juu. Hapo tone hutandaa na wino hushika. Pembe baina ya tone na uso, iliyokuwa imezidi nyuzi 90, hushuka. Lakini dumu halijafyonza kitu.

'Kipendamaji' nalo ni tafsiri sisisi ya Kigiriki. Ni fupi, ila linadokeza tabia ya kudumu, ilhali uso uliobadilishwa hivyo, ukikaa muda, huanza tena kukataa maji: minyororo hugeuka, sehemu zenye oksijeni zikazama ndani.

Sisi tunapendekeza 'uso unaolowa', na kitendo chake 'kuufanya uso ulowe'. Wapo watakaosema neno la nyumbani halina hadhi, hasa baada ya Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990) kutuzoesha maneno yaliyotoholewa. 'Polima' tutohoe, hatukuwa na jina lake. Kulowa tunakujua tangu utotoni. Dosari ipo: pamba pia hulowa, tena kwa kufyonza. Kwa hiyo neno 'uso' lisiachwe kamwe.

Watakaorudisha karatasi zao kabla ya mtihani watasahihishiwa upya.