Kisa cha Mteja na Uchunguzi Kifani: Majina Mawili Yasiyofaa Kuchanganywa

Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwezi Machi 2007, na mwaka uliofuata kuingia Tanzania, kampuni za simu za mkononi zimekuwa zikitoa kwa wingi maandishi ya namna moja. Huchaguliwa mteja mmoja, aghalabu muuza mboga, fundi cherehani au mkulima wa mahindi. Huelezwa dhiki aliyokuwa nayo, huduma aliyoipata kwa simu, na neema iliyofuata. Kando huwekwa picha yake akitabasamu. Karatasi hizo husambazwa kwa mabenki, kwa wafadhili, kwa kampuni nyingine zinazotafutwa ziwe washirika, na kwa maofisa wa serikali. Nyingi huandikwa kwanza kwa Kiingereza, ndipo hufika mezani kwa mfasiri.

Hatuna ugomvi na kuwapo kwake. Mwenye bidhaa ana haki ya kuisifu. Ugomvi wetu ni wa jina, kwa kuwa katika tafsiri tulizozipitia maandishi hayo huitwa mara uchunguzi kifani, mara hadithi ya mafanikio, mara ushuhuda wa mteja, na mara chache sana kisa cha mteja. Wako wanaodhani kwamba hayo ni majina manne ya kitu kimoja. Sisi hatukubali.

Tuanze na lile linalopendwa zaidi. Kifani, kama ajuavyo kila aliyelelewa katika lugha hii, ni kitu kilicho sawa na kingine. Katika mazungumzo ya kila siku neno hili halisikiki sana ila katika ukanushi: uzuri usio na kifani, ushujaa usio na kifani. Waliolitia katika istilahi za utafiti walikuwa na hoja yao. Mtafiti huchukua kijiji kimoja au shule moja, akaichunguza kwa undani, akitumaini kwamba iko mingine inayofanana nayo, nayo itaeleweka kwa kueleweka hiyo moja. Istilahi hiyo, basi, hudai mambo mawili: kwamba uchunguzi umefanyika, na kwamba kilichochunguzwa kina wenzake. Karatasi ya kampuni haitimizi hata dai moja. Aliyeiandika ni ofisa wa masoko. Mteja hakuchunguzwa bali alichaguliwa, na alichaguliwa kwa sababu hafanani na wengine. Tumesoma tafsiri moja iliyoandikwa kichwani "Uchunguzi Kifani", na katika aya yake ya mwisho ikasifu "huduma isiyo na kifani". Mfasiri hakuiona kejeli hiyo, wala hatumlaumu sana, maana alikuwa akilipwa kwa idadi ya maneno.

Isidhaniwe kwamba hili ni jambo la wanaisimu peke yao. Mwaka 2016 Tavneet Suri na William Jack walichapisha katika jarida la Science makala kuhusu athari za M-Pesa nchini Kenya. Walilinganisha kaya zilizosogezewa mawakala wengi zaidi na kaya zisizopata ongezeko kama hilo, wakakadiria kwamba kaya 194,000, yaani asilimia 2 ya kaya za nchi hiyo, zilikuwa zimeinuliwa kutoka katika ufukara. Mwaka 2019 Milford Bateman, Maren Duvendack na Nicholas Loubere waliipinga makala hiyo katika jarida la Review of African Political Economy, wakidai, pamoja na mengine, kwamba haikuzingatia inavyopasa biashara ndogo zinazokufa wala madeni yanayozilemea kaya. Hatukusudii hapa kuamua ni nani mwenye haki. Tunachotaka kionekane ni kwamba makala ya kwanza ilipingika, kwa kuwa wenyewe walionyesha walivyohesabu. Muuza mboga anayetabasamu hapingiki. Kisa chake hakisemi neno juu ya waliofungua genge siku moja naye wakalifunga kabla ya mwaka kwisha. Sasa mfikirie ofisa wa wilaya anayeletewa faili yenye karatasi mbili, moja ya watafiti na moja ya kampuni, na zote mbili zimeitwa uchunguzi. Ni kwa njia gani atajua kwamba hazina uzito sawa, ikiwa lugha yenyewe imemficha?

Hadithi ya mafanikio ina unyoofu zaidi, maana angalau inakiri kuwa ni hadithi. Ila imekwisha kutoa hukumu kabla msomaji hajaanza kusoma. Ushuhuda ni baya kuliko yote. Mahakamani shahidi huapa, kisha huulizwa maswali na upande wa pili. Kanisani atoaye ushuhuda husimama mbele ya watu wanaomfahamu na nyumba yake. Mteja wa tangazo hana hakimu wala jirani.

Neno mteja nalo lina historia inayofaa kukumbukwa. Leo tumelizoea kwa sauti ile ya mashine itwambiayo kwamba mteja hapatikani, lakini kamusi hulitolea pia maana ya mtu aliye chini ya matibabu ya mganga. Sifa za mganga tangu hapo zilienezwa na wateja waliopona.

Maneno ya ndani ya visa hivi yana kasoro zake pia. Mpangilio wake karibu wote ni changamoto, suluhisho, matokeo. Suluhisha, kwa asili, ni kupatanisha waliogombana, na suluhu hutaka pande mbili. Katika karatasi za kampuni suluhisho limekuwa jina la bidhaa: ukinunua mita ya maji inayolipiwa kwa simu umenunua suluhisho. Tungeridhika zaidi kuona imeandikwa huduma, au kifaa, kama kilivyo.

Kosa zito zaidi tulilikuta katika kisa cha mwanamke mmoja muuza samaki, kilichotolewa na kampuni ambayo hatutaitaja. Tafsiri ilisema kwamba mama huyo "amewezeshwa kifedha". Tulimwuliza mwenzetu aliyeifasiri kuwezeshwa huko ni kupi. Akafungua matini ya Kiingereza, na humo ikawa wazi kwamba mama alikuwa amekopa, na alikuwa bado akilipa. Kukopa si aibu, na Kiswahili kina mkopo, deni, riba na rehani, kila kimoja mahali pake. Hata hivyo maneno hayo hukwepwa, si na wafasiri tu. Huduma ya Safaricom ya mwaka 2019 imruhusuyo mteja kutumia zaidi ya salio lake huitwa Fuliza, na nduguye wa Vodacom Tanzania huitwa Songesha. Kufuliza ni kufanya jambo pasipo kukoma. Aliyelichagua jina hilo pengine alisema kweli kuliko alivyokusudia.

Pendekezo letu ni kwamba uchunguzi kifani libaki kuwa istilahi ya utafiti, mahali ambapo njia ya kuchunguza imeelezwa, na karatasi ya kampuni iitwe kisa cha mteja. Kisa hubeba maana ya tukio lililosimuliwa na haliahidi zaidi ya hapo. Mwalimu atakayelitumia darasani hatakuwa na kazi kubwa ya kulieleza.

Yamebaki maneno ambayo hatujayatolea uamuzi. Mwishoni mwa visa vingi huandikwa kwamba habari na picha zimetolewa "kwa idhini" ya mteja, na wengine huandika "kwa ridhaa". Tangu Kenya ilipotunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022, tofauti hiyo imekuwa na uzito. Idhini, kwa masikio yetu, hutoka kwa mwenye mamlaka kwenda kwa aliye chini yake. Ridhaa hutoka moyoni mwa mtu, naye aweza kuiondoa. Tunaelekea upande wa ridhaa. Lakini tumeambiwa kwamba wako wasemaji wa Unguja na Mombasa wanaolisikia vingine, na tungependa watuandikie kabla ya toleo lijalo.