UHAKIKI WA ISTILAHI: "NGUMU" NA "LAINI" KATIKA UPACHIKAJI WA MAFAILI

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zinazostahili kuangaliwa upya ni zile zihusuzo mfumo wa mafaili ya mtandao uliobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984. Kwa mfumo huo, mafaili yaliyomo katika seva huunganishwa na kompyuta nyingine, yakatumika kana kwamba yamo ndani yake. Kitendo hicho huitwa kupachika, na neno hilo hatuna ugomvi nalo, kwani kilichopachikwa chaweza kubanduliwa.

Ugomvi wetu u katika namna mbili za kupachika. Mfasiri afuataye tafsiri sisisi huziita "ngumu" na "laini". Msomaji wa Kiswahili asikiapo "laini" hudhani ni jambo la upole lisilo na madhara, na "ngumu" hudhani ni la usumbufu tu. Seva inaponyamaza, upachikaji uitwao mgumu hurudia ombi mpaka ijibu. Programu hungoja, lakini kazi haipotei. Ule uitwao laini hurudia mara chache, kisha hukata tamaa na kuipa programu taarifa ya kosa. Programu isipoijali taarifa hiyo, faili huweza kubaki pungufu na mwenyewe asijue. Sisi twapendekeza "upachikaji wa kungoja" na "upachikaji wenye kikomo".

Neno "kuandika" nalo lina mtego. Toleo la pili la utaratibu huu liliitaka seva ihifadhi data kwanza ndipo ijibu. Toleo la tatu, la mwaka 1995, liliruhusu jibu la mapema, mradi seva iseme wazi kwamba bado haijahifadhi, na mtumaji abaki na nakala mpaka athibitishiwe. Hata hivyo, baadhi ya seva zaweza kuwekwa zithibitishe kabla data haijafika kwenye diski. Umeme ukikatika hapo, data hupotea, na mtumaji amekwisha kuambiwa "imeandikwa".

Kwa hiyo yafaa tutenge "kupokewa" na "kuhifadhiwa". Karani wa masjala aijua tofauti hiyo: barua iliyopokewa mezani si barua iliyotiwa jaladani. Mwongozo usiotenga maneno hayo humfanya mtumishi afute nakala yake mapema.

Tunawaomba wafasiri na walimu wazipime istilahi hizi katika kazi zao, na kutuletea maoni.