Kosa Lilikuwa Kwenye Hati ya Umiliki

Walioanzisha Data & Knowledge Engineering mwaka 1985 walipatia karibu kila kitu, kisha wakakosea pale ambapo kosa halirekebishiki: jarida lilizaliwa likiwa mali ya mchapishaji wa kibiashara, North-Holland, ambayo tayari ilikuwa chini ya Elsevier. Nimezisikia hoja zote za kuwatetea. Hazijanishawishi.

Sifa zao niziseme upesi. Kuweka maarifa na data chini ya paa moja miaka minne kabla IEEE haijatoa Transactions yake ya fani hiyohiyo kulihitaji macho ya kuona mbali, na aliyeshika usukani wa uhariri, Peter Chen, alikuwa mtu sahihi.

Na hapo ndipo uchungu wangu ulipo, maana Chen hakuwa mgeni wa mambo haya. Makala yake ya modeli ya ER, yaani ya vitu na mahusiano (Entity-Relationship), ile ya mistatili na almasi ambayo kila mwanafunzi wa hifadhidata huichora kabla hajaandika mstari mmoja wa SQL, ilitoka Machi 1976 katika toleo la kwanza kabisa la ACM Transactions on Database Systems, ukurasa wa 9 hadi wa 36. Jarida hilo ni la ACM, yaani chama cha wanataaluma wenyewe. Chen aliona kwa macho yake jinsi jarida la chama linavyozaliwa, akiwa mmoja wa waandishi waliolipa jina. Kuanzia mwaka 1979 modeli ya ER ilikuwa pia na mkutano wake wa kimataifa. Ilipofika 1985, basi, watu walikuwepo, jukwaa lilikuwepo, na sifa ilikuwepo. Kilichokosekana ni kuvikusanya vyote hivyo na kuvipa jarida kama mali yao.

Wasomaji wa safu hii mnajua kinachofuata mchapishaji akiwa mwenye mali. Mhariri mkuu ni wa kupita, bodi ni ya kupita, na wapitiaji hujitolea usiku bila senti. Vinavyobaki ni jina, ISSN, kumbukumbu za matoleo yote ya nyuma, na orodha ya waandishi na wapitiaji iliyojengwa kwa miaka mingi. Vyote hivyo ni vya aliyeandikwa kwenye hati. Wahariri wakigombana naye kuhusu bei au sera, wao ndio wanaofunga mizigo. Kwa maneno mengine, jumuiya inajenga nyumba kwenye kiwanja cha mtu.

Utetezi unaorudiwa ni kwamba mwaka 1985 hakukuwa na wavuti. Karatasi ilikuwa ghali, posta ilikuwa ghali, na chama kidogo kisingeweza kupeleka nakala hadi maktaba za Tokyo na Toronto. Kweli kabisa. Lakini kuchapa na kusambaza ni kazi ya mkataba, kama ilivyo kazi ya kupiga chapa au kujalidi. Mchapishaji anaweza kulipwa, hata akapewa faida yote ya mauzo kwa miaka 10, huku jina likibaki kwa chama. Hawa walikuwa watu ambao taaluma yao yote ni kutenganisha kitu na uhusiano wake na vitu vingine. Kwamba walichanganya huduma na umiliki kwenye hati muhimu kuliko zote ni jambo linalonisumbua hadi leo.

Matokeo ya uamuzi wa aina hii tumeyaona kwa majirani. Jarida la Machine Learning lilianza mwaka 1986 chini ya mchapishaji Kluwer, kwa mtindo uleule. Mwaka 2001 wajumbe 40 wa bodi yake walijiuzulu kwa barua ya wazi. Taasisi zilikuwa zinatozwa dola 1,050 kwa mwaka, na mtu binafsi dola 120, kwa makala zilizoandikwa na kupitiwa na watu wasiolipwa. Leslie Kaelbling alikuwa amekwisha kuwatangulia mwaka 2000 kwa kuanzisha Journal of Machine Learning Research: bure mtandaoni, hakimiliki kwa mwandishi, na MIT Press ikichapa nakala za karatasi kwa wanaozitaka. Huo ndio mgawanyo ninaousema, chapa huku na umiliki kule. Stuart Shieber wa Harvard alipopiga hesabu mwaka 2012 aliona gharama ya jarida hilo haifiki dola 10 kwa makala moja.

Donald Knuth naye, mwaka 2003, aliiandikia bodi ya Journal of Algorithms barua ndefu yenye hesabu ya bei kwa kila ukurasa. Bodi ikaondoka, ikaenda kuanzisha jarida la ACM. Wahariri wa jarida la isimu, Lingua, walifanya vivyo hivyo mwaka 2015, wakaanzisha Glossa. Kila mara walioondoka waliliacha jina nyuma. Lingua inaendelea kutoka kwa jina lilelile, wahariri wengine.

Kuhusu IEEE Transactions on Knowledge and Data Engineering ya Machi 1989 sina mengi. Toleo lake la kwanza lilikuwa na makala ya Ceri, Gottlob na Tanca kuhusu Datalog ambayo bado inafundishwa, na jarida ni la chama. Bei zake sizisifu. Hata hivyo mwanachama wa IEEE anapiga kura, na msomaji wa Elsevier hapigi.

Tofauti hiyo inafika hadi huku kwetu. Mwaka 2022 ACM ilifungua bure machapisho yake ya mwaka 1951 hadi mwisho wa 2000. Mwanafunzi aliyeko Mbeya au Eldoret leo anaisoma makala ya Chen ya 1976 kwenye simu bila nywila yoyote. Lakini Data & Knowledge Engineering inabaki ya mfumo wa usajili, isipokuwa kwa makala ambazo waandishi wamelipia ili ziwe huria. Chuo kisicho na bajeti kinategemea mipango ya hisani kama Research4Life. Mtu yuleyule, fani ileile, ila hati mbili tofauti.

Mwaka 2023 Dagstuhl ya Ujerumani ilizindua Transactions on Graph Data and Knowledge, bila ada kwa msomaji wala kwa mwandishi. Wengi walishangilia, nami nafurahi. Ila tusisahau kwamba JAIR (Journal of Artificial Intelligence Research) ya Steven Minton ilikuwa bure mtandaoni tangu 1993, wavuti ikiwa bado changa na wengi wakiamini jarida lisilo na karatasi si jarida. Wale walikuwa na ujasiri zaidi, kwa sababu hapakuwa na wengi wa kuwaiga.

Nimeandika mara nyingi dhidi ya kamati za kupandisha vyeo zinazohesabu pointi kwa jina la jarida badala ya kusoma makala, na nitaendelea. Tabia hiyo ndiyo inayompa mwenye jina nguvu yake. Mhadhiri kijana anayetafuta uhadhiri mwandamizi hawezi kuifuata bodi inayohama, kwa kuwa jarida jipya halina alama za kumpandisha.

Kwa vyuo vyetu vinavyotayarisha majarida ya data sasa hivi: kabla ya wito wa makala kutoka, kifungu cha umiliki kiandikwe kwanza. Kitaje jina la jarida, ISSN, anwani ya tovuti, mafaili ya matoleo yote, na hifadhidata ya wapitiaji, kimoja kimoja, na kiseme kwamba ni mali ya chama au chuo hata mkataba wa mchapishaji ukivunjika. Mchapishaji akikataa kukitia saini, atafutwe mwingine.