Hariri ya Bibi Xin Zhui: Picha Nayo Husomwa

Waandishi wenzangu, tumezoea kusema fulani hajui kusoma, tukimaanisha kwamba hajui herufi. Lakini mtu anaweza kumaliza kidato cha sita na bado akapita mbele ya picha kama anayepita mbele ya ukuta. Safari hii sihakiki riwaya wala diwani. Nahakiki kitambaa cha hariri kilichozikwa nchini China zaidi ya miaka 2,100 iliyopita. Nasema kina fani na maudhui, ila kinataka msomaji mwenye subira.

Kitambaa hicho kilifukuliwa mwaka 1972 huko Mawangdui, katika mji wa Changsha, jimbo la Hunan. Kaburi ni la Xin Zhui, mke wa Li Cang, mkuu aliyekuwa waziri wa ufalme wa Changsha. Kina umbo la herufi T na urefu wa sentimita 205 hivi. Juu kabisa ni mbinguni: kulia jua jekundu lenye kunguru ndani yake, kushoto mwezi mwandamo wenye chura na sungura. Chini ya hapo kuna lango na walinzi wawili. Katikati amesimama bibi mmoja, mgongo umeinama, ameegemea fimbo. Nyuma yake wapo wanawake watatu, na mbele yake wanaume wawili wamepiga magoti. Chini yake majoka mawili yamepishana katika tundu la kisahani cha jedi. Kisha watu wamekaa kwenye vyombo vya chakula na kinywaji. Chini kabisa jitu limesimama juu ya samaki wawili, limeibeba dunia yote hiyo.

Hapo ndipo wengi tunapoharibu. Shuleni tulizoeshwa kukimbilia dhamira: joka ni nguvu, kunguru ni mkosi, sungura ni ujanja, basi, maksi zako umepata. Jamani, sungura mjanja ni wa hadithi za bibi zetu! Huyu wa Xin Zhui makazi yake ni mwezini, kama Wachina walivyosimulia, na yule kunguru ni wa jua, hana mkosi wowote. Ukisomea hariri ya watu kwa kamusi ya nyumbani kwako, utasoma habari zako mwenyewe.

Tuanze basi na fani. Jicho linatua wapi kwanza? Kwa yule bibi, maana yuko katikati, na wote walio karibu naye wamemwelekea. Ni nani? Hapa tulinganishe. Kaburi la tatu la Mawangdui, linalodhaniwa kuwa la mwanawe, nalo lilikuwa na hariri ya umbo hilohilo, lakini aliyesimama mahali pa bibi ni mwanamume. Kwa hiyo mahali pale ni pa marehemu mwenyewe. Tumelijua hilo kwa kuangalia tu, bila kubahatisha ishara hata moja.

Halafu tuulize hariri ilikaa wapi. Vitabuni tunaiona imesimamishwa wima kama picha ya ukutani. Kaburini ilikuwa imelazwa juu ya jeneza la ndani kabisa, uso wa picha ukiwa chini, umemwelekea maiti. Majeneza yalikuwa manne, moja ndani ya jingine. Mhakiki Wu Hung aliandika mwaka 1992 kwamba hariri hii haifai kusomwa peke yake, isomwe pamoja na kaburi zima. Namuunga mkono. Nani asomaye ukurasa mmoja wa riwaya akatangaza mwisho wake?

Wapo wasemao picha inaonyesha roho ikipanda mbinguni. Wengine wanasema roho ilitarajiwa kukaa kaburini. Mimi naegemea hawa wa pili, na shahidi wangu ni vyombo. Vyombo vya mbao vya kaburi hilo vimeandikwa maneno ya kumkaribisha mheshimiwa ale na anywe. Upande wa kaskazini kulikuwa na kikao kilichotandikwa, viatu vya hariri na fimbo. Hivi kweli mtu aliyekwishaondoka unamwekea viatu mbele ya kikao?

Sasa turudi kwenye fimbo, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Madaktari walioupima mwili, ambao ulikuwa haujaoza, walikuta uti wa mgongo wake una maradhi. Kumbe mchoraji hakusema uongo! Alikuwa na jua, mwezi, majoka na lango la mbinguni, angeweza kabisa kumnyoosha bibi yule akawa kijana. Akauacha mgongo umeinama. Kwa lugha ya darasani, Xin Zhui si mhusika bapa wa kubebeshwa ujumbe, ni mtu mwenye maumivu yake.

Sisi vijana tunaoandika riwaya tuna ugonjwa wa kuwafanya wahusika kuwa vibao vya matangazo: huyu ni rushwa, yule ni mila. Mchoraji wa Changsha alijua kazi yake itafunikwa kwa mkaa na udongo, isionekane na mtu tena, na bado hakumwonea uvivu bibi mmoja mgonjwa. Mwenye kuisoma hariri hii tofauti na mimi, naye ashike kalamu. Nafasi ipo toleo lijalo.