Bima, Rehani na Jokofu: Bidhaa katika Tamthilia za Arthur Miller na Lorraine Hansberry

Uhakiki wa tamthilia za Marekani zilizoandikwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia umezoea kuziweka Death of a Salesman (1949) ya Arthur Miller na A Raisin in the Sun (1959) ya Lorraine Hansberry katika fungu moja. Zote mbili husomwa kama tamthilia za ndoto iliyovunjika, ambamo tamaa ya mali inaitafuna familia ya kipato kidogo. Usomaji huo unamfaa Miller kwa kiasi kikubwa. Kwa Hansberry unapotosha, kwa kuwa unachukulia kwamba kila mkazi wa Marekani ya miaka ya 1950 alikuwa ameshafunguliwa mlango wa soko, na kwamba swali lililobaki ni iwapo alinunua kwa kiasi au kwa pupa.

Kufanana kwa kweli kwa tamthilia hizi kumo katika bima ya maisha. Willy Loman, wakala wa mauzo aliyechoka, anajiua kwa gari ili familia yake ilipwe dola 20,000, ingawa ndani ya tamthilia yenyewe pana shaka kama kampuni italipa. Familia ya Younger, Weusi wa kusini mwa jiji la Chicago, inaanzia pale Loman anapoishia: hundi ya dola 10,000 inasubiriwa tangu onyesho la kwanza, nayo ni bima ya baba aliyekufa baada ya maisha ya kazi ngumu. Katika jamii iliyojaa matangazo ya vitu vipya, kitu pekee kinachoweza kuiletea familia ya namna hii fedha za maana ni kifo cha baba.

Miller anaijenga hoja yake kwa vyombo vya nyumbani. Jokofu la akina Loman lilichaguliwa kwa sababu kampuni yake ilikuwa na matangazo makubwa kuliko nyingine zote. Sasa mkanda wake unakatika na deni bado halijaisha. Ulipaji huu wa awamu haufanani na mali kauli inayofahamika katika biashara za Waswahili. Mali kauli husimama juu ya neno la watu wanaojuana. Mkataba wa Loman haumjui Loman, unaijua tarehe ya malipo tu. Kejeli inafika kileleni ofisini mwa Howard, bosi kijana anayejivunia kinasa sauti chake kipya na kumfanya Willy asikilize sauti za watoto wake, mmoja akitaja miji mikuu ya majimbo. Punde si punde anamfukuza kazi. Mashine inapewa usikivu ambao mtu aliyeitumikia kampuni kwa miaka 34 ananyimwa. Onyesho hilo lina nguvu kuliko maneno ya mazishini, ambako Miller anamwachia jirani Charley aeleze kile ambacho hadhira imekwisha kukiona.

Ukihamia kwa Hansberry ukiwa na kipimo hichohicho, utamwona Walter Lee kuwa Loman mdogo. Naye anaota magari: Chrysler yake mwenyewe na Cadillac ya mkewe Ruth. Hata hivyo Walter ni dereva wa tajiri Mzungu. Kutwa nzima yumo ndani ya bidhaa asiyoimiliki. Familia inachangia choo na majirani, na mtoto Travis analala kwenye kochi la sebuleni. Kuiita hamu ya watu hawa pupa ni kutumia neno lililotungwa kwa ajili ya watu wengine.

Mama, Lena Younger, analipa dola 3,500 za awali kwa nyumba iliyoko Clybourne Park, mtaa wa Wazungu. Sababu anayoitoa si ya kishujaa hata kidogo: nyumba zinazojengwa mbali kwa ajili ya Weusi zinagharimu kama mara mbili. Bidhaa ileile ina bei mbili kulingana na rangi ya mnunuzi. Hapa tamthilia inagusana na historia moja kwa moja. Levittown ya jimbo la New York, iliyoanza kujengwa mwaka 1947 na kusifiwa kuwa kielelezo cha maisha mapya ya tabaka la kati, iliwafungia Weusi mlango kwa masharti ya mkataba. Baba yake Hansberry mwenyewe alipigania nyumba yake ya Chicago hadi Mahakama ya Juu, katika kesi iliyoamuliwa mwaka 1940. Mwaka 1948 mahakama hiyo iliamua kwamba maagano ya kibaguzi ya umiliki hayawezi kutekelezwa na mahakama.

Uamuzi huo unamfafanua Karl Lindner, mjumbe wa wakazi wa Clybourne Park. Hawezi tena kuja na amri ya mahakama, basi anakuja kwa adabu na ahadi ya fedha, akitaka kuinunua nyumba ile kwa bei itakayowapa akina Younger faida. Soko linalomshurutisha Loman anunue ndilo linalotaka kumlipa Younger asinunue. Walter anapomkataa Lindner, huku fedha nyingine za familia zikiwa zimekwisha kuibwa na mshirika wake, anakataa faida kwa ajili ya kitu ambacho bado kina deni.

Deni hilo Hansberry halifichi, ingawa wahakiki wanaoutazama mwisho wa tamthilia kama ushindi mtupu hulipita haraka. Ruth anaapa kufanya kazi saa 20 kwa siku katika majiko ya watu, mtoto akiwa mgongoni ikibidi, ili malipo ya kila mwezi yapatikane. Linda Loman anamaliza rehani siku ya kumzika mumewe. Ruth anaianza yake akiwa mjamzito. Willy alipanda mbegu usiku katika ua uliozibwa jua na majengo marefu. Mama naye ana mmea mmoja mnyonge uliokulia kwenye dirisha lenye mwanga haba, na wachukuzi wa mizigo wakishatoka anarudi chumbani kuuchukua.